Dawa ya mafuta ya damu haina kumaliza dozi

Ndugu Mhariri,

Nakuomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu jambo moja la afya ambalo naona halizungumzwi kwa uwazi. Ni habari ya wananchi wanaoandikiwa na daktari vidonge vya kupunguza kolesteroli na mafuta mengine katika damu, wakavimeza mwezi mmoja au miwili, kisha wakaviacha kwa kuwa, kama wanavyosema wenyewe, wamemaliza dozi.

Neno hilo "dozi" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka mingi tumehimizwa, na ni haki kuhimizwa, kwamba mgonjwa amalize dozi. Dawa ya mseto ya malaria mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, akavimaliza. Dawa za kuua vijidudu huwa siku tano, saba au kumi, kisha basi. Somo hilo limeingia vichwani mwetu barabara. Sasa mtu huyo huyo akipewa bahasha yenye vidonge 30 vya atorvastatini, na juu yake pameandikwa "1 x 1 usiku" bila neno jingine, atafanya nini? Atameza vyote 30, atatupa bahasha, na ataendelea na shughuli zake akiamini kuwa ametimiza amri ya daktari. Huyo si mkaidi. Ametii kabisa. Aliyempa dawa ndiye hakumwambia kwamba dawa hii haina mwisho wa namna hiyo.

Nitaeleza kwa kifupi kwa nini haina. Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, si sumu. Mwili unaihitaji kujenga kuta za chembe zake, kutengeneza homoni na kutengeneza nyongo. Sehemu kubwa yake haitoki katika sahani bali hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo karakana kuu. Ile inayosafiri katika vibebeo viitwavyo LDL ndiyo ikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu na kujenga utando, mwaka hadi mwaka, mpaka siku utando unapopasuka na damu kuganda juu yake. Ikitokea moyoni ni shambulio la moyo, ikitokea kichwani ni kiharusi. Dawa za jamii ya statini hukizuia kimeng'enya kimoja ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likiona limepungukiwa huongeza vipokezi vya kunasa LDL kutoka katika damu, na LDL iliyomo mishipani hupungua. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya vipokezi hivyo.

Lakini tuangalie vizuri. Dawa haikuibomoa karakana, imemshika fundi mkono tu. Ukiiacha fundi anarudi kazini, na baada ya wiki chache LDL inarudi pale pale ilipokuwa. Sisi watu wa pwani tunajua kazi ya kufua maji katika chombo kinachovuja. Hakuna nahodha anayefua maji mara moja, katikati ya bahari, akasema amemaliza dozi.

Ajabu ni kwamba nchi hii ilikwisha kulijua jambo hili na ikalifundisha vizuri mno, ila kwa ugonjwa mwingine. Tangu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, mgonjwa hukaa na mshauri kabla ya kuanza. Huambiwa kuwa dawa ni ya kila siku, ni ya maisha, na kwamba atajisikia mzima na bado anatakiwa aimeze. Nenda kijiji chochote, umkute bibi asiyejua kusoma anayehudhuria kliniki hiyo, atakueleza kwamba virusi kutoonekana katika kipimo si kupona. Ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, kwa hiyo asiiache. Sasa mchukue mstaafu mwenye shahada mbili, mpe statini, kipimo kisome vizuri, naye atakuja akwambie, "Nimepona, nimeacha." Bibi yule na mstaafu huyu wana akili sawa. Tofauti ni kwamba mmoja alikalishwa kitini akaelezwa, na mwenzake alisukumiwa bahasha dirishani.

Nitatoa mfano mmoja, na jina silitaji. Mzee mwenzangu hapa Tanga, mtu wa baraza letu la kahawa, alipimwa akakutwa na kolesteroli ya 252. Hospitali iliyompima ikamwandikia statini. Baada ya miezi mitatu akapima tena katika maabara nyingine iliyo jirani na kwake, akapewa majibu: 6.5. Siku hiyo mimi nilikuwa safarini, lakini wenzangu walinisimulia jinsi alivyofika barazani na karatasi mbili mkononi akamwonyesha kila mtu. Kutoka 252 hadi 6.5! Kahawa na kashata za jioni ile alilipa yeye. Vidonge akaviacha, kwani hata mtoto wa darasa la pili ajua kuwa 6.5 ni ndogo kuliko 252. Haukupita mwaka, kiharusi kikamwangusha bafuni. Leo mkono wake wa kulia hauna kazi, na maneno yake huyaelewa mkewe peke yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule za sekondari, na karatasi zile nilionyeshwa na mwanawe baadaye, alipokuwa akipanga makaratasi ya hospitali. Ya kwanza ilikuwa kwa miligramu kwa desilita. Ya pili ilikuwa kwa milimoli kwa lita. Ukigawa 252 kwa 38.67 unapata 6.5. Namba zile mbili ni kitu kile kile, kama maili na kilomita. Kolesteroli yake haikushuka hata chembe kwa miezi mitatu. Maana yake, ama alikuwa akimeza na kuruka siku, ama nguvu ya vidonge ilikuwa ndogo mno kwake, ama kulikuwa na sababu nyingine, na vyovyote iwavyo alitakiwa arudi kwa daktari siku ile ile. Badala yake alifanya sherehe.

Sisemi kwamba kidonge kingemwepusha na kiharusi kwa hakika. Presha nayo alikuwa nayo, na hakuna dawa yenye dhamana ya namna hiyo. Nasema alikosa nafasi aliyostahili kuipata, kwa sababu ya herufi chache zilizochapwa pembeni mwa namba kwa wino hafifu, na kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia azitazame.

Wasomaji wenye karatasi kama hizo majumbani wazitoe sasa hivi. Tazama mbele ya namba. Pakiandikwa mg/dL, igawe namba ya kolesteroli kwa 38.67 ndipo uilinganishe na ile ya mmol/L. Kwa trigliseridi kigawanyo si hicho, ni 88.5, watu wengi wanaojua habari ya kwanza hawaijui hii ya pili. Kwa mfano, trigliseridi ya 300 katika maabara moja ni 3.4 katika maabara nyingine. Ombi langu kwa wenye maabara, za umma na za binafsi, ni kwamba wachape vipimo vyote viwili katika karatasi moja. Mashine za siku hizi zinafanya hesabu hiyo zenyewe, ni suala la mtu kuamua.

Nimetaja trigliseridi, na hapa pana mkanganyiko mwingine. Watu husema tu "nina mafuta kwenye damu" kana kwamba mafuta hayo ni ya aina moja. Trigliseridi ni mafuta ya akiba, yale mwili unayoyaweka kwa ajili ya nguvu. Hupanda kwa sababu zake: pombe, sukari, soda, wanga mwingi, unene wa tumboni, kisukari kisichotawaliwa, na wakati mwingine tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Hupanda pia baada ya kula, ndiyo maana mtu anayefuatiliwa trigliseridi mara nyingi huambiwa aje asubuhi hajatia kitu kinywani isipokuwa maji. Ukipima baada ya chapati na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, utaogopeshwa na namba isiyo yako.

Kiasi cha kawaida ni chini ya 150 kwa miligramu, yaani 1.7 kwa milimoli. Mtu akifika 500, ambayo ni 5.6, daktari huanza kuhofia kongosho, kwa kuwa trigliseridi nyingi kupita kiasi huweza kulichoma, na maumivu yake si ya kusimulia. Watu hufa kwayo. Katika hali hiyo ndipo zinapotumika dawa za jamii ya fibrati, kama fenofibrati. Basi kuna mtu ambaye tatizo lake kubwa ni bia tano kila jioni na kisukari alichokipa likizo. Huyo anapewa kidonge, haambiwi habari ya bia, anarudi mwezi ujao namba iko palepale, na anatangaza mtaani kwamba dawa za hospitali ni maji matupu.

Tena fibrati zina jambo lao ambalo lazima tuliseme kwa haki. Zinashusha trigliseridi katika karatasi, hilo halina ubishi. Lakini katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2010, wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia simvastatini waliongezewa fenofibrati, na kwa ujumla haikupunguza mashambulio ya moyo kuliko simvastatini peke yake. Mwaka 2022 ukatolewa uchunguzi mwingine wa fibrati mpya iitwayo pemafibrati, na jibu likawa vile vile: namba imeshuka, moyo haukupata nafuu ya ziada. Hivyo mgonjwa anayeongezewa kidonge cha pili ana haki ya kuuliza, "Daktari, hiki ni cha kulinda kongosho langu, au cha moyo, au cha kupendezesha karatasi?" Daktari mzuri hatakasirika.

Najua watu wa barazani watasema nini, maana wamekwisha kunisemea. Wanasema dawa hizi ni biashara ya Wazungu. Biashara imo, sikatai, lakini Mzungu hakuigundua. Aliyeigundua statini ya kwanza ni Mjapani, Akira Endo, mtoto wa mkulima wa Akita, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1973, baada ya kupima maelfu ya vijidudu vya kuvu, aliikuta katika ukungu wa rangi ya samawati na kijani uliotoka katika mchele. Wanaosema "mimi natumia vitu vya asili tu" wakumbuke kwamba asili ya dawa hii ni mchele ulioota ukungu. Statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa ilikuwa lovastatini, huko Marekani, mwaka 1987, nayo pia ilitoka katika kuvu.

Sina ugomvi na ndimu wala kitunguu saumu, natumia vyote viwili katika samaki. Ugomvi wangu ni na yule anayepita nyumba kwa nyumba na chupa isiyo na lebo, anamwambia mgonjwa wa moyo aache vidonge vya hospitali anywe maji yake. Ukimuuliza ni wagonjwa wangapi aliowapima kabla na baada, hana jibu. Wenzetu wa statini wana jibu. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi tano za kaskazini ya Ulaya, kwa wagonjwa 4,444 wa moyo wenye kolesteroli ya juu. Nusu walipewa simvastatini, nusu vidonge visivyo na dawa, na hawakujua nani kapewa kipi. Baada ya miaka mitano na kitu, katika kundi lisilo na dawa walikuwa wamekufa 256, na katika kundi la dawa 182. Hiyo ni hesabu ya makaburi, si ya maneno. Na mtu atambue pia kwamba 182 walikufa ingawa walikuwa wakitumia dawa. Ndivyo ukweli ulivyo, na anayeuza chupa hawezi kuthubutu kuusema ukweli wa namna hiyo.

Kuhusu bei, haki miliki ya atorvastatini huko Marekani ilikwisha mwaka 2011, na sasa viwanda vingi duniani, vya India vikiwamo, vinaitengeneza kwa jina lake la kitaalamu. Simvastatini iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Kwa hiyo mgonjwa asikubali kuambiwa kwamba bila jina fulani la kampuni hakuna dawa. Aombe ya bei nafuu iliyosajiliwa, na amuulize mfamasia.

Hoja nyingine ni kwamba dawa zinaumiza misuli. Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu hoja hii ina ukweli na ina uvumi. Mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maumivu. Waliwapa kwa zamu: mwezi wa statini, mwezi wa kidonge kitupu, mwezi bila kidonge. Ikaonekana kwamba sehemu tisa katika kumi za taabu walizozipata kwa statini walizipata pia kwa kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, lakini mengi hayakuletwa na dawa iliyomo ndani. Mtu aliyesikia barazani kwamba atavunjika miguu, akimeza tu, goti linaanza.

Walakini yapo madhara yasiyo ya uvumi. Kwa watu wachache sana misuli huvunjika kweli, mkojo ukawa wa rangi ya kahawia iliyokoza, na figo zikapata hatari. Huyo hapaswi kungoja kliniki ya mwezi ujao, aende hospitali siku hiyo. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2001 kwa ajili hiyo hiyo, hasa kwa waliokuwa wakiimeza pamoja na fibrati iitwayo jemfibrozili. Ndipo linapokuja suala la cheti cha daktari. Dawa hizi zimewekwa kuwa za cheti kwa sababu zinagombana na nyingine. Mtu anayetumia simvastatini akiongezewa klarithromaisini kwa kifua, hatari inaongezeka. Anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri hapaswi kupewa simvastatini kabisa, ingawa zipo statini nyingine zinazomfaa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, wa watu 7,769 wanaoishi na virusi katika nchi 12, jirani zetu Uganda wakiwamo, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Hata balungi, tunda lile lile linalouzwa sokoni, likiliwa kwa wingi huzidisha simvastatini na atorvastatini mwilini. Mama mjamzito, au anayetarajia, au anayenyonyesha, naye asiguse dawa hizi bila kuongea na daktari wake. Sasa niambieni, muuzaji wa dukani anayekupa vidonge kwa kuwa jirani yako vimemfaa, haya yote ameyauliza saa ngapi?

Wapo pia wanaozidisha. Nimewasikia wenye desturi ya kumeza viwili siku ya harusi, kwa ajili ya pilau na nyama. Dawa haifanyi kazi hivyo. Hata mtu akizidisha mara mbili kila siku, LDL hushuka kwa asilimia sita hivi tu zaidi ya pale ilipokuwa imeshushwa na kipimo cha kwanza. Faida ni ndogo, hatari inaongezeka.

Wala sitaki nieleweke kwamba kila mwenye namba iliyopanda kidogo amezwe na vidonge. Kijana asiye na kisukari, asiye na presha, asiyevuta sigara, na ambaye namba yake imezidi kidogo, pengine atahitaji kutembea na kupunguza chipsi kuliko kitu kingine. Sisi wa Tanga tuseme ukweli kuhusu tui la nazi pia: mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha LDL, hata kama bibi zetu waliishi miaka tisini, na bibi zetu walitembea kwenda shamba. Lakini aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha damu kuganda, mwenye kisukari aliyepita miaka 40, na yule ambaye LDL yake imefika 190, yaani 4.9, hao kwa kawaida mlo peke yake hautoshi. Wapo watu wembamba kama fito, hawagusi nyama, na LDL yao iko juu kwa sababu wameirithi. Inakadiriwa ni mtu mmoja katika kila 300 hivi. Kumwambia huyo apunguze mafuta ya kupikia halafu tumwache aende zake ni kumdanganya.

Mimi mwenyewe naimeza atorvastatini ya miligramu 20 mwaka wa sita huu, kwa sababu ya kisukari. Sijisikii tofauti yoyote nikiimeza, na daktari aliniambia siku ya kwanza kwamba sitajisikia. Maneno hayo yalichukua dakika mbili. Alinieleza ni ya nini, ni ya muda gani, nirudi lini kupima na nini kikitokea nirudi kabla. Ndiyo maana najua inawezekana, hata katika foleni ya asubuhi.

Kwa hiyo naomba wahusika katika Wizara ya Afya na wenye maduka ya dawa walifikirie jambo la bahasha. Pale panapoandikwa "1 x 1 usiku" paongezwe kwa Kiswahili: "Ni ya kuendelea. Usiache bila daktari." Pawe na tarehe ya kupima tena. Na pale ambapo mgonjwa wa virusi aliyetulia anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, utaratibu ambao umesaidia sana watu wa mbali, ningependa kujua ni kitu gani kinachozuia mgonjwa wa kolesteroli aliyetulia naye apewe za miezi mitatu. Mzee anayetoka Pangani kwa basi kila mwezi kufuata vidonge 30 ataacha siku moja, si kwa ujinga bali kwa nauli. Nitashukuru kama wahusika watanijibu katika ukurasa huu huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Tanga.